Vivuli Arobaini na Vitatu

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nina hasira. Niandike kabla sijavunja kitu.

Jana baada ya ibada Mchungaji Ambindwile alitangaza somo la kuelekea Pasaka: vivuli vya Masihi katika Agano la Kale, yaani mambo ya kale yaliyomwashiria kabla hajaja. Sawa. Somo langu hilo! Halafu akaongeza kwamba Jumatano nitafundisha mimi, Ijumaa atafundisha Tusekile, na Jumapili ya Matawi baraza la wazee litaamua nani ashike darasa la Biblia moja kwa moja. Tusekile! Anauza ndizi soko la hapa kwetu Msasani. Mimi nimelishika darasa hilo miaka kumi na moja. Jamani, kumi na moja!

Siku nyingine zote mimi ni karani wa kupima majani ya chai kituoni. Wakulima wananitazama kana kwamba kilo zao nimezificha mfukoni. We wa mizani, ndivyo wanavyoniita. Darasani tu ndiko ninakoitwa Mwalimu Jairo. Wakininyang'anya hilo, sina kingine. Mke wangu Sekela anasema nisihangaike, Mungu anajua. Mungu anajua, ndiyo. Baraza je?

Jumatano, 9 Aprili

Lo!

Nilikwenda na vivuli arobaini na vitatu. Nimevihesabu mwenyewe, viko daftarini kwa wino mwekundu. Kuni alizobeba Isaka: msalaba. Fimbo ya Musa: msalaba. Mti uliotupwa kwenye maji machungu ya Mara: msalaba. Safina ya Nuhu ilikuwa ya mbao, kwa hiyo msalaba. Kufika cha kumi na saba mvua ikaanza kupiga bati, benchi la nyuma lote likasinzia. Nikapaza sauti. Mchungaji akanyoosha mkono, akauliza kwa upole: na ule mti aliotundikwa Hamani, yule mwovu aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi wote? Nikasema nao ni msalaba.

Waliolala wakaamka. Mchungaji akauliza kama namaanisha kwamba Hamani naye ni kivuli cha Masihi. Nikaomba muda wa kutafakari. Vicheko! Hata mzee wa sadaka alicheka, mtu ambaye sijawahi kumwona meno.

Nyumbani nikamuuliza Sekela, somo limekwendaje? Akasema chakula kinapoa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimepata njia. Tena ya heshima kabisa.

Tusekile ameolewa na mtoto wa Mzee Amoni, yule anayekaa kule juu mlimani. Na kwetu Wanyakyusa mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wa mjini wanazembea, lakini Mzee Amoni ni wa zamani, na Tusekile ana adabu, hilo namkubalia. Sasa mzee akiketi benchi la mbele, huyo mwalimu wao atasimama wapi?

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda mlima na sukari kilo mbili. Mvua. Utelezi. Nimeanguka mara mbili. Sukari niliiokoa, suruali hapana. Mzee alifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Alisema tangu mkewe afariki hakuna aliyemwalika mahali popote. Ndaga fijo, ndaga fijo, ndiyo ahsante sana ya kwetu hiyo, na mkono wangu hauachii. Akauliza nani anafundisha. Nikasema ni mtu mmoja anayejua Maandiko. Si uongo, ingawa maneno hayo yaliniuma mdomoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika hivyohivyo.

Mzee Amoni benchi la mbele, koti jeusi, fimbo. Mimi kando yake, mwenyeji. Tusekile akafika mlangoni, akamwona, akajifunika khanga usoni, akatoweka. Nikasubiri kidogo kwa ajili ya adabu, nikasimama na daftari. Kivuli cha kumi na nane, nikaanza. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia la chumba cha Mchungaji. Kumbe Tusekile alikuwa amezunguka kwa nje, kwenye tope! Mchungaji akaniambia niketi.

Tusekile akasema yeye hana vivuli vingi, ana kimoja. Yusufu, kijana aliyetumwa na baba yake kuwajulia hali ndugu zake, nao wakamvua kanzu, wakamtupa shimoni, wakaketi kula. Akasema kinachomuumiza ni hicho chakula. Mwenzao analia shimoni, wao wanatafuna. Na njaa ilipokuja, nafaka iliyowaponya ilitoka mkononi mwa huyohuyo waliyemtupa, na wamesimama mbele yake hawamtambui. Akasema Agano la Kale ndivyo lilivyo: Masihi yumo, sauti yake inasikika, uso wake bado. Kama mnavyonisikia mimi nyuma ya hili pazia, akasema.

Hakuna aliyesinzia. Mvua ileile, bati lilelile!

Mzee Amoni alikuwa ameinama mbele, kiganja sikioni. Akaninong'oneza, nani huyo? Nikajifanya sikusikia. Akamuuliza Mchungaji. Mchungaji akamwambia ni mkweo. Mzee akasema, na watu wote wakasikia, kwamba miaka tisa analetewa chakula kilichopikwa na mtoto huyu, na leo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akizungumza. Machozi yakamtoka, hata hakuyafuta.

Halafu akainuka, akaligeuza benchi likatazama ukuta. Akaketi. Akampa mkwewe mgongo, akasema sasa mtoto atoke, asimame mbele ya watu, afundishe kwa nafasi.

Benchi ni moja. Mwenyeji ni mimi. Nikageuka nalo! Saa nzima nimetazama chokaa huku somo likiendelea nyuma yangu. Kuna ufa pale ukutani, unaanzia dirishani unashuka mpaka chini, sasa naujua wote. Na nilimsikia Sekela akilia. Kilio chake nakijua.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi.

Tusekile. Baraza zima, hakuna aliyepinga.

Mchungaji alinishukuru mbele ya watu. Alisema bila Jairo, Mzee Amoni asingefika. Jairo tu, bila kusema Mwalimu. Wakapiga makofi. Kisha akanipa huduma mpya: kila Ijumaa nipande mlima, nimlete mzee, niketi naye asijisikie mpweke. Niketi wapi? Ukutani! Mzee akanikumbatia. Harufu ya moshi na mvua. Nikatabasamu, ningefanyaje?

Sekela alikuwa ameshanunua daftari jipya. Kwangu miaka kumi na moja hakuwahi kuja hata na kalamu. Nikamuuliza nyumbani, bila ugomvi, kulikoni. Akasema kwa Tusekile anaogopa kusahau. Iliniuma. Iliniuma kuliko uamuzi wa baraza.

Jumatatu, 14 Aprili

Kituoni mama mmoja alishusha kikapu chake cha majani, akanitazama, akaniita mwalimu. Moyo ukaruka. Akaendelea: si wewe ndiye yule mwalimu wa zamani?

Nikampimia. Nikaandika kilo zake.

Jumanne, 15 Aprili

Nimefikiri vizuri, na nimetulia. Yusufu ni mimi. Aliyevuliwa kanzu ni nani? Aliyetupwa huku wenzake wanapiga makofi ni nani? Tusekile alifundisha habari zangu saa nzima, na hajui.

Njia yangu haikuwa mbaya. Ilikuwa na kasoro moja tu: mzee mmoja. Mmoja akigeuka, mambo yamekwisha. Lakini nimeuliza, nimeambiwa Mzee Amoni ana wadogo zake watatu, wote hai, na kwetu mdogo wa baba mkwe naye ni baba mkwe, heshima ni ileile. Mmoja nitamketisha mlangoni. Mmoja karibu na pazia. Mmoja katikati kabisa ya wanawake. Tuone nani atamgeukia nani! Kesho naanza na anayekaa Ibighi.

Tena kuna jambo katika lile somo ambalo Tusekile mwenyewe hakuliona. Ndugu zake Yusufu walifaulu kwa sababu walikuwa wengi.