Koti la Kuvalia Ureno

Je, wewe ungemkabidhi cherehani yako mtu anayeuza mnara? Usijibu haraka. Wanakwaya tisa wa mtaa wa Troyeville, wote na akili zao, wawili na vyeti vyao, walikabidhi.

Ilikuwa Januari 2011. Papa Firmin, yaani Baba Firmin, mzaliwa wa Lubumbashi, mtu mwenye kiatu king'aacho na kazi isiyojulikana, alikuwa akipita mtaa wa jirani, Kensington, nyuma ya duka la mikate la Mreno mmoja. Akaona kalenda ya mwaka uliokwisha imetupwa juu ya maboksi. Akaiokota, akaipangusa unga kwa leso, akaifungua. Kila mwezi na picha yake: mnara wa Belém kando ya mto pale Lisbon, kasri la Sintra, jekundu na manjano kama keki ya harusi, ngazi za Braga zipandazo kwa kupindapinda hadi mlangoni mwa kanisa, mwamba wa Cabo da Roca, ambapo Ulaya inaishia na bahari inaanza. Mtu mwingine angefungia samaki. Firmin alizikata tarakimu kwa mkasi, akabandika picha kwenye kadibodi, na Jumapili akasimama mbele ya kwaya.

"Ndugu zangu, Ureno wanataka kwaya ya Kiafrika. Mtaimba penye kila kivutio. Viza ipo, tiketi ipo, chakula kipo. Hela zenu mimi sitaki hata kuzinusa."

Hapo watu wakalegea. Paka akikataa samaki, mwenye nyumba husifu adabu yake. Kumbe amekwishaona nyama.

"Ila kuna kajambo kamoja. Wazungu wanaogopa mtu wa kwenda asirudi. Basi kila mmoja aache kwangu chombo chake cha kazi. Aliyeacha chombo lazima atarudi."

Maneno hayo yaliwaingia barabara. Wote walikuwa wakimbizi, na mkimbizi ukimwambia kuna safari isiyo na sharti ndipo anapokushuku. Juvénal kinyozi akaleta mashine ya kunyolea. Diane msusi akaleta draya. Mama Célestine, fundi nguo, mjane, akaleta kwa toroli cherehani yake nyeusi ya miguu, iliyomlishia watoto na kumlipia chumba. Hakuwa na nyingine. Firmin akavipanga vyote chumbani kwake kwa upole, kama anayelaza watoto. Mnunuzi wake alikuwa anasubiri tu mzigo utimie.

Kila Jumatano kukawa na darasa la vivutio.

"Uwanja wa ndege watawauliza," Firmin alisema. "Diane, kasri la Sintra liko wapi?"

"Juu ya mlima, papa, ukungu unalizunguka asubuhi."

"Sharp! Wewe umeshafika."

Jumatano ya pili, Mama Célestine aliisogeza picha ya Sintra dirishani. Fundi huona mkato mbaya kabla ya kumwona mvaaji. Ukingoni chini vilibaki vichwa vya tarakimu, na nusu ya jina la duka anakonunua mkate kila wiki. Akairudisha picha mahali pake. Jumatano ya tatu akaja. Ya nne akaja mapema, akaketi mbele.

Siku hiyo Firmin akatangaza: Jumamosi saa nne gari litahamishia vyombo kwenye ghala lenye mlinzi.

Jumamosi saa mbili, fundi alibisha hodi kwa Firmin, koti refu mkononi, limepigwa bandi tu, mishono ya muda.

"Papa, kiongozi wa kwaya utasimama Cabo da Roca na kakoti hako? Upepo wa pale utakugeuza bendera."

"Eish, mama! Kweli kabisa."

"Basi vaa nikupime. Na suruali vua, niipunguze. Ulaya pindo haliburutwi."

Firmin, ambaye hajawahi kukataa nguo, alivua na kuvaa.

"Nyoosha mikono chini. Usitikisike, pini ziko kwapani."

Sindano ikatembea: mkono wa kulia wa koti ukashonwa ubavuni kwa uzi wa magunia, wa kushoto vilevile. Kisha fundi akaweka suruali mkobani, akafungua mlango. Wanakwaya, aliowaambia yote jana yake, wakaingia mmoja mmoja kwa heshima zote.

"Bonjour, papa Firmin." Mashine ya kunyolea ikatoka.

"Umeamkaje, papa?" Draya ikatoka. "Koti limekupenda!"

Firmin alijaribu kuinua mkono. Koti zima likainuka naye.

"Mama Célestine, nisitiri!"

"Umesitirika, papa. Linafika magotini."

Ikabaki cherehani. Juvénal akashika upande mmoja, fundi mwingine.

"Ulijua tangu lini?" Firmin aliuliza.

"Jumatano ya pili."

"Na bado ukaja kunisikiliza nikidanganya? Mara mbili nzima?"

Mama Célestine akaushusha upande wake wa cherehani. Akazitazama zile kadibodi ukutani, moja moja, bila haraka.

"Miaka minane nawashonea watu nguo za safari," akasema. "Nilitaka kwenda, Firmin. Nilitaka kwenda kweli."