Maswali Arobaini ya Kamaldine

Redio ya Kasongo ilipotangaza mashindano ya maswali na majibu kwa shule ndogo za vijijini, zawadi zikiwa paneli za sola na vitabu, Kamaldine alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Alisimama vilevile. Wengine walisikia habari ya elimu. Yeye alisikia mbuzi akilia.

Alitunga maswali arobaini kutoka kichwani mwake, akachonga muhuri wa komisio ya mashindano kwa soli ya kandambili, akapanda pikipiki hadi Lusangi, kwa Mama Chimène, prefe, yaani mkuu, wa shule ya walimu watatu. Wa nne, wa jiografia, alikwenda kuchimba dhahabu Salamabila na hakurudi.

"Mama Prefe, hii ni siri ya komisio," alinong'ona. "Maswali yote iko hapa. Na majibu."

"Bei gani?"

"Kwa sababu ni weye, mbuzi moja."

Chimène alisoma. Kulingana na jibu la tatu, mto Lualaba unamwaga maji katika ziwa Tanganyika. Hakucheka.

"Mbuzi iko. Lakini huu mwandiko wako, watoto hawatauweza. Kaa uwafundishe. Mbuzi utamupata siku ya mashindano."

Wiki mbili za kufundisha kwa mbuzi mzima! Kamaldine alikubali.

Asubuhi ya kwanza msichana aitwaye Mounira alinyoosha mkono. "Mwalimu, Lualaba inakwenda kaskazini. Baba yangu anavua samaki kule Nyangwe, anaiona kila siku."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika. Kamaldine alikuwa ameitwa mwizi mara nyingi na chakula kikashuka vizuri. Lakini mjinga, mbele ya watoto! Siku hiyo ugali haukupita. Aliazima vitabu vya shule, akasoma kama mtu anayekimbizwa, na kila asubuhi akafundisha alichokisoma.

Siku ya mashindano, kati ya maswali yake arobaini halikuulizwa hata moja. Watoto wa Lusangi walijibu tu. Swali la mwisho, shule mbili zikiwa sawa, lilikuwa mji mkuu wa Mongolia.

"Ulan Bator!" alijibu Mounira.

Kamaldine alipiga kelele hadi mwamuzi akatishia kumtoa nje.

Kisha akamfuata Chimène. "Mama Prefe, mbuzi wangu."

"Mbuzi ilikuwa bei ya maswali. Nionyeshe moja tu lililoulizwa."

Akafunua karatasi, akafunua tena. "Nitakushitaki!"

"Sawa. Utawaambia ulikuwa unaniuzia nini?"

Kamaldine aliikunja karatasi. "Kumbe ulijua?"

"Tangu jibu la tatu. Lakini mudomo uko nao, na mwalimu nilikuwa sina. Kama unataka kazi, mushahara ni kidogo, na wenyewe unachelewa."

Alikuwa bado anatafuta tusi la heshima kwa mwanamke aliyemzidi ujanja, Mounira akamwita kutoka juu ya lori la kuwarudisha Lusangi:

"Mwalimu! Siku ya Kwanza ya juma tunaendelea na Asia, ao tunaanza Amerika?"

Kamaldine aliitazama barabara ya mjini, ambako hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Asia hamujaimaliza," alifoka, akapanda. "Sogeeni huko!"