Tuba Moja, Bapigaji Bawili

Lundi, tarehe 10 mars
Orkestra moja ya bazungu, ya Uccle, inatafuta mupigaji wa tuba, ile tarumbeta kubwa. Majaribio ni samedi, tarehe 15. Pasta Éliézer amekata maneno: kanisa yetu ya Matonge iko na tuba moja tu, atakayechaguliwa njo ataishika. Atakayekosa atapiga matoazi. Mimi, Papa Donatien, matoazi! Nilipuliza pa fanfare kule kwetu Likasi wakati Kabeya alikuwa bado anajikojolea. Na huyo Kabeya njo mushindani wangu. Mashavu ya samaki.

Mardi, tarehe 11
Vipande vinne vya majaribio, vya Bajerumani. Manota sisomi. Manota ni ya batu basio na masikio. Mujukuu wangu Précieuse ananipigia kwa telefone, mimi nafuata. Anasema pa kipande cha pili tuba inanyamaza, inangoja. Kungoja nini? Kwetu tuba ikinyamaza pa kilio, maiti inaamuka kuuliza kuna nini. Nimejaza pale pote. Tamu kabisa.

Jeudi, tarehe 13
Akili imekuja. Nimeenda kwa Kabeya, nimemupa shauri kwa sauti ya baba. Utapigia nyuma ya rido, pazia kubwa, hawatakuona, donc ingia kama muizi, usisalimie, usijitaje, piga, toka. Amenishukuru kwa mikono mbili. Mujinga. Asiyesalimia bakubwa, nani atamupa kazi?

Samedi, tarehe 15
Kabeya alitangulia. Hata bonjour hakutoa. Nilisikia haya kwa ajili ya mama yake. Zamu yangu, madame wa pa mulango akaninong'oneza kwamba humo ndani hakuna kusema. Bon. Salamu si kusema. Nikasimama nyuma ya rido, nikakohoa.
"Bonjour bapapa, bonjour bamaman. Ni mimi Donatien wa Likasi. Jamaa iko muzima?"
Ng'ambo ya rido, kalamu ikaanguka. Sauti ikasema merci, inatosha. Sijapuliza hata nota moja.

Dimanche, tarehe 16
Kabeya amechaguliwa. Précieuse anasema rido ni ili basijue nani anapiga, ukijitaja, unatolewa. Batu bazima kujificha kama bibi-arusi! Sababu naijua: balisikia jina, baliogopa.
Pa kanisa Kabeya akaniinamia mbele ya bote, tuba kifuani. "Papa, bila shauri yako ningebasalimia."
Nikamujibu ni kitu kidogo, ndiyo kazi ya muzee.
Oktobre kuna majaribio ingine, Laeken. Nitaazima tuba kwake. Kule kuna Baflama, batu ba luga ingine: Précieuse ananifundisha salamu yao, ile ndefu, ya kuulizia na batoto.