Akademia Iliyomlea Bingwa Kimya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye pia ni mimi. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi na Wasaidizi wa Wakurugenzi Wasaidizi. Wasichana thelathini mliokuja na raketi zenu kwenye uzinduzi huu wa akademia. Na zaidi ya wote bingwa wetu wa tenisi, binti yetu Kimya, pamoja na mama yake mzazi, dobi wa hospitali kuu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, mtu mwenye makombe kumi na moja hadondoki kama mvua ya mawe. Ni zao la mpango mkakati, fremuweki na uratibu wa mastekiholda, chini ya idara ya michezo, ambayo kwa miaka kumi na minne imeongozwa na mtu mmoja ambaye unyenyekevu wangu unanizuia kumtaja. (Kicheko.)

Mnajua alianza akiwa na miaka saba, akipiga mpira kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, mama yake yumo ndani anapiga pasi mashuka. Muuguzi mkuu akalalamika kwamba kishindo kinaamsha wagonjwa. Nani alisaini barua ya kumpiga marufuku? Mimi! (Minong'ono.) Ngojeni basi. Mtoto hakuuacha ukuta. Akajifunza kuupiga mpira bila sauti, akiukata kwa chini, utue kama paka kwenye zulia. Ndipo wauguzi wakampa jina la Kimya. Leo dunia inashangaa ule mpira wake mfupi unaovuka wavu na kufia palepale, mpinzani akifika anakuta msiba umeshazikwa. Idarani tuliuita Mradi wa Kudhibiti Kelele, Awamu ya Kwanza.

Na kule kushika raketi kwa mikono miwili, kulia na kushoto? Raketi yake ya kwanza aliachiwa na daktari mstaafu, nzito kama mchi. Sisi hatukumpa nyepesi. Kwa makusudi! Utafiti unaonyesha kuwa asilimia themanini na tisa nukta nne ya mafanikio yake yametokana na vitu ambavyo hatukumpa. (Kicheko kirefu.)

(Mama wa bingwa: "Na ile barua ya safari, Mheshimiwa?")

Nakusikia, mama. Barua ya kumruhusu kusafiri ilichelewa kidogo, miezi mitano, binti akakosa mashindano ya vijana, akalia siku tatu.

(Mama: "Wiki nzima. Chakula hagusi.")

Nasahihisha takwimu: siku saba. Lakini mwaka uliofuata mama huyu alikuja ofisini kwangu asubuhi na mapema, akaweka mguu mlangoni, nikashindwa kufunga mpaka nikasaini. Huo, ndugu zangu, ndio uongozi wa milango wazi! (Vigelegele, vyote kwa mama.)

Kisha ile fainali ya kombe la kumi na moja. Goti limefungwa bendeji, seti ya kwanza amepigwa sita kwa sifuri. Mimi, niliyekuwa hotelini nikifuatilia runingani kwa niaba yenu, nilikata tamaa nikazima. Nilipowasha, ameshabeba kombe. Sasa pimeni wenyewe mchango wa kuzima kwangu.

(Bingwa anasimama: "Shikamoo mzee, samahani nakukatiza. Uliandika kwamba mazoezi yanaanza leo. Hawa wadogo zangu wametembea tangu alfajiri. Vile viwanja sita ulivyoahidi viko wapi?")

Marahaba, binti yangu. Swali zuri sana. Viwanja vipo, ila katika hatua ya uono.

("Yaani viko kwenye karatasi?")

Karatasi iko kwa mchoraji. Mchoraji yuko kwenye mchakato wa kuteuliwa.

(Msichana mmoja anaanza kurudisha raketi kwenye begi lake. Bingwa anamshika bega, anashuka naye jukwaani, anafungua utepe wa uzinduzi na kuufunga kati ya nguzo mbili za taa kwenye maegesho, uwe wavu. Wasichana wote wanafuata. Wazazi nao.)

Binti, huo utepe haujakatwa! Itifaki! Dereva, toa gari langu hapo! Ndugu wananchi, rudini vitini, bado kurasa kumi na tisa... Haya, tuhitimishe. Michezo oyee! (Hakuna jibu.) Tenisi juu! Akademia juu zaidi!

(Sauti kutoka maegesho: "Kumi na tano kwa sifuri!" Shangwe.)

Basi nikushukuru wewe, fundi wa vipaza sauti, kwa kubaki kushuhudia uzinduzi wa akademia hii, ambayo jengo halipo, kiwanja hakipo, mchoro haupo. Kilichokuwepo ni utepe, na huo sasa una kazi. Asante sana. Unaweza kuzima.