Vikinga Mvua vya Pijo na Mkono wa Mzee Metui

Jumatatu, 19 Aprili 1982

Kwa jina la Mungu Baba, aliyenihifadhi leo barabarani katika gari ambalo breki zake ni za kuombewa. Amani iwe kwako utakayelifungua daftari hili baada ya mimi Eliamani, mwinjilisti mstaafu wa hapa Karatu, kuitwa mbele ya haki. Ukute ndani yake mafundisho.

Nimerudi kutoka Irkeepusi, kule juu kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Nilikwenda kwa Mzee Metui, baba yake Tajewo, kijana atakayemwoa binti yetu Aikande siku ya Mei Mosi. Mzee huyu, mkwe wangu mpya, si Mkristo. Lakini amekubali kushuka Karatu Alhamisi ya wiki ijayo, alale kwetu, na amwekee Aikande mkono kichwani mbele ya wazee. Kwao, mkono huo ndio ndoa. Kanisani ni nyimbo. Aikande analijua hilo vizuri. Tangu Pasaka ana swali moja tu: je, mzee atakuja?

Shida ipo. Mzee Metui huchafukwa na tumbo ndani ya gari lililofungwa vioo. Vikifunguliwa, mvua ya mwezi huu humwagika mapajani, naye ana kifua. Alinijulisha, Tajewo akitafsiri, kwamba atapanda gari lenye hewa na lisilo na mvua. Kama halipo, atangoja kiangazi.

Kiangazi! Na mialiko imekwisha kutolewa hadi Rhotia!

Niliporudi nilimkuta barazani kwangu Polycarp, jirani yetu mwenye duka. Mtu mwema. Mkatoliki. Datsun yake ina vikinga mvua, vile vipande vya plastiki vinavyobandikwa juu ya madirisha na kuchomoza nje mithili ya ukingo wa kofia. Dirisha hufunguliwa kidogo, hewa ikaingia, mvua ikabaki nje. Akasema atamfuata mzee yeye mwenyewe, mwinjilisti apumzishe mifupa. Mama Aikande akamshukuru kabla sijameza chai.

Nilikataa. Kwa upole. Nimehubiri unyenyekevu tangu ujana wangu, lakini mkwe wangu ateremke mlangoni kwangu kutoka katika Datsun ya Polycarp! Nikatangaza kwamba Pijo yangu nayo itakuwa na vikinga mvua. Polycarp akauliza vitatoka wapi, ikiwa hata sabuni madukani hakuna. Nikamjibu kwamba Bwana atatoa. Sina hakika kama aliyenena ni imani au kiburi. Saa hii naelekea kuamini ni huyu wa pili.

Jumatano, 21 Aprili

Bwana ametoa.

Ubao wa matangazo nje ya kanisa letu umefunikwa kwa plastiki ngumu, safi, inayopitisha mwanga. Nimeupita mara nyingi bila kuona neema iliyokuwa mbele ya macho yangu. Leo, baada ya sala ya asubuhi, nimeiazima. Nasema nimeiazima, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na nitairudisha baada ya harusi. Chini yake kulikuwa na tangazo la ndoa ya Aikande na Tajewo, kwa wino wa buluu na mwandiko mzuri wa mchungaji. Nikalisoma kwa furaha ya baba. Nikaliacha hapo hapo.

Mbingu zilikuwa na mawingu. Niliyaona. Sikuyatilia maanani.

Jumamosi, 24 Aprili

Kazi imefanyika kwa Qamara, fundi wa kunyoosha bodi. Qamara ana maneno mengi na mkono mwepesi. Alikipasha kisu moto akakata plastiki, ikatosha madirisha mawili ya mbele. Akataka kutoboa mabati atie parafujo. Nilikataa, Pijo ni ya zamani, ikitobolewa itadhani ni ruhusa ya kuanguka. Tukakubaliana juu ya gundi. Qamara alitoa kopo lisilo na maandishi, akaapa kwamba kwa gundi hiyo alikwisha kurudisha pembe ya ng'ombe ikashika. Nilimwomba asiape. Nikamwomba aongeze gundi.

Akaongeza. Nikaona upepo wa ukingoni ni mkali, nikasema tuongeze tena, hata chini ya mpira wa kioo. Akasema, “Mwinjilisti, wewe ulizaliwa fundi, wakakupoteza kanisani!” Nimeona haya kukiri kwamba nilifurahi. Vioo tuliviacha vimepandishwa, tukabakiza juu nafasi ya vidole viwili, ili vikinga vishike mkao.

Polycarp alipita akielekea dukani. Alizunguka gari lote. Kisha akasema imekaa vizuri sana, inafanana na mtu aliyevaa miwani ya marehemu.

Nimemsamehe. Nimejaribu.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua usiku kucha. Asubuhi ubao wa matangazo ulikuwa na karatasi moja ya buluu, yote buluu, kama mbingu ya kiangazi. Mchungaji aliuliza madhabahuni ni nani aliyeondoa plastiki. Akasema atakaye kusema na aseme. Sikutaka. Niliinamisha kichwa, waumini wakadhani ninaomba, wakainamisha vyao. Mchungaji akaitangaza ndoa kwa kumbukumbu, akalikosea jina la baba yake Tajewo, na Aikande akanitazama kutoka kwaya kana kwamba anaijua plastiki ile ilipo.

Nilitamani kuijaribu Pijo mchana. Lakini magari binafsi hayaruhusiwi barabarani Jumapili alasiri, ili petroli ya taifa isiteketee. Nikakaa ndani yake uani, nikasikiliza mvua ikishuka juu ya vikinga. Haikuingia hata tone. Kwa muda huo, nakiri, nilikuwa mtu mwenye furaha.

Jumatatu, 26 Aprili

Vioo havishuki.

Gundi ilitiririka hadi ndani ya mfereji wa kioo ikaganda. Nilizungusha kishikio cha upande wa abiria kwa nguvu ya kiasi. Kikabaki mkononi mwangu. Qamara aliitwa, akatazama, akasema kwa majivuno kwamba aliniambia gundi hii inashika.

Nikatafakari. Je, vikinga mvua ni vya nini? Ni ili dirisha liwe wazi kidogo. Je, dirisha liko wazi kidogo? Liko, vidole viwili. Basi hakuna kilichoharibika! Nimeyaeleza haya kwa Mama Aikande. Yeye akauliza mzee atatokaje garini. Swali la haki: kitasa cha ndani cha mlango huo kilikufa mwaka jana, na abiria hujifungulia kwa kupitisha mkono dirishani na kuvuta kitasa cha nje. Nikamwambia nitamfungulia mimi mwenyewe, kama afunguliwavyo waziri. Mama Aikande akasema, “Haya, Baba Aikande,” kwa ile sauti yake ambayo maana yake si haya.

Alhamisi, 29 Aprili

Sina budi kuandika yote, ingawa mkono ni mzito.

Asubuhi nilifika Irkeepusi katika ukungu. Mzee Metui alitoka bomani amevaa blanketi jipya, fimbo mkononi. Alitia vidole katika ile nafasi ya dirisha, akahisi hewa, akatikisa kichwa kuridhia. Nikamketisha mbele. Tajewo akakaa nyuma pamoja na kondoo dume wa zawadi, ambaye alimkalia. Mvua ikaanza. Haikuingia! Mkwe akanishika bega akasema neno la Kimaasai. Tajewo akasema ni pongezi. Nilimwaza Polycarp. Mungu anirehemu, nilimwaza kwa raha.

Kisha tukafika kwenye boma la kwanza la kando ya barabara.

Nimeishi karibu na watu hawa miaka mingi. Ninajua kabisa kwamba mtoto wa Kimaasai akimwona mzee humwendea na kuinamisha kichwa, na mzee humgusa utosini. Ninajua kwamba mtoto hanyanyuki mpaka aguswe. Ninajua kwamba Mzee Metui ni mzee wa eneo zima, na kwamba habari ya safari yake ilikwisha kutangulia. Yote nilijua! Wala hayakunijia akilini nilipokuwa nikisema gundi iongezwe.

Watoto walikimbilia gari, wakajipanga upande wake, wameinama. Mkwe akapeleka mkono dirishani. Ukagonga kioo. Akapeleka tena. Nikasimama, nikazunguka katika tope, nikamfungulia; akagusa vichwa vyote bila haraka. Boma la pili vivyo hivyo. Nililoa hadi fulana.

Ndipo tukaukabili mpando wenye utelezi. Kwenye mpando ule, gari likisimama limesimama mpaka Juni. Na katikati yake, kando ya barabara, kundi kubwa kuliko yote: wachunga ndama, wasichana wenye vibuyu, wadogo waliobebana. Walituona kwa mbali. Wakainama mapema.

Sikusimama.

Mkwe alisema jambo. Tajewo akatafsiri, sauti yake ikiwa chini: “Baba anasema watoto wameinama.” Nikajibu kwamba gari litanasa, na wazee wa kanisa wanatungoja na pilau. Mzee akageuka akatazama nyuma kupitia kioo. Tukapanda. Tukafika juu. Akasema tena. Tajewo akatafsiri: “Anasema bado wameinama.”

Nilitazama katika kioo changu. Walikuwa wameinama kweli. Katika mvua ile.

Mzee aliendelea kutazama nyuma hadi Karatu. Nilimweleza uzuri wa vikinga. Kondoo pekee ndiye aliyenijibu.

Nyumbani, kabla sijazunguka, Polycarp alikuwa ameshafungua mlango. Aikande akaja mbele ya watu wote, kitambaa cheupe kichwani, akainama mbele ya mkwewe. Mkono wa Mzee Metui ukabaki ndani ya blanketi. Akanena taratibu. Tajewo akatafsiri akitazama chini: mkono huu umeacha vichwa njiani, hauwezi kuviruka vya kwanza ukafika kwa bibi harusi. Hana hasira na binti. Lakini hawezi.

Aikande hakunyanyuka. Alibaki ameinama vile vile, mpaka mama yake akaja kumwinua.

Mimi niliyewekewa mikono siku ya kuwekwa wakfu, nikalia. Mimi! Ndimi niliyemnyima binti yangu mkono, kwa ajili ya vipande viwili vya plastiki ambavyo hata si vyangu.

Ijumaa, 30 Aprili

Alfajiri nilimwomba mkwe nimrudishe kwa watoto wale kwa Pijo. Aliitazama. Akakohoa. Akapanda Datsun.

Polycarp hakusema lolote la kunidhihaki, jambo ambalo ni adhabu kubwa zaidi. Nilimpa kopo langu la petroli niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya harusi. Akanishika mkono akasema, “Mzee mwenzangu, tulia, tutarudi.” Nikashinda barazani. Aikande alishinda ndani. Kila gari lililopita alitokeza mlangoni, akaniona mimi, akarudi.

Walirejea jioni. Polycarp ndiye aliyesimulia. Kioo cha Datsun kilishushwa chote, na mkono wa mzee ulikuwa nje njia nzima. Kikinga mvua hakikusaidia kitu. Watoto waliitwa kutoka mabomani na malishoni, na mzee hakukubali kuondoka mpaka kitoto kimoja kilicholala kiamshwe. Kisha akasema sasa twende kwa binti.

Blanketi lake lilikuwa limelowa upande mmoja hadi begani. Aikande akainama. Mzee akamwekea mkono. Maji yakamchuruzika binti yangu usoni, na sikuweza kupambanua yapi ni ya mvua.

Jumapili, 2 Mei

Harusi ilifungwa jana. Sitaandika mengi, nilivaa koti la Polycarp, maana langu lilikuwa bado na gundi.

Leo mapema, kabla ya saa za katazo, mkwe aliondoka katika Datsun. Nilikwenda dirishani kumwomba radhi. Kwa kuwa mgongo wangu ni mgumu, niliinama ili tutazamane. Akaniwekea mkono utosini! Mimi, mzee mwenziwe, mbele ya kwaya! Tajewo akatafsiri huku akijizuia: “Baba anasema vichwa vyote vya barabarani amevimaliza, kilikuwa kimebaki chako.” Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha sikucheka, kwa sababu mkono ule ulikuwa na joto, na sikutamani auondoe.

Nimetubu. Nimekwisha kumweleza mchungaji habari ya plastiki, ingawa nimemweleza kwa ujumla.

Nimetafakari pia chanzo cha msiba huu, nacho sasa ni dhahiri. Kosa lilikuwa ni madirisha. Mzee hapaswi kubariki kutoka pembeni. Magari ya watalii yamekatwa paa, abiria husimama na kutazama tembo. Pijo ikikatwa paa, mzee atasimama katikati na kugusa vichwa pande zote mbili, gari likitembea! Kuhusu mvua, nimepima kifuniko cha tangi la maji la kanisa. Kinalingana kabisa. Qamara anakuja kesho na kopo jipya.

Nawe usomaye, Bwana aibariki nyumba yako, na mlango wake, na madirisha yake yote. Azikumbuke koo zinazokutana mezani pako, na kila kichwa kitakachoinama kwako kipate mkono. Amina.