Wana wa Israeli Warudi Misri

Jumatatu, 5 Machi 1657. Amsterdam.

Bi Machteld, yule mjane mwenye kiwanda cha kuchapa Biblia, anataka ramani mpya ya safari ya Wana wa Israeli. Mchongaji atakayempendeza atapewa ramani za Biblia nzima. Miaka kumi na saba nachonga nembo za maduka ya tumbaku. Nimechoka! Kazi hii ni yangu. Lakini jirani yangu Govert keshapeleka sampuli, na watu wanaisifu. Govert huyu huyu tuliyejifunza naye benchi moja, akishika patasi kama mwiko wa uji.

Alhamisi, 15 Machi.

Nimeipata ramani ya Govert. Nilimwambia mkewe nataka karatasi ya kufungia jibini, akanipa nakala yenye doa. Nimeilaza juu ya bamba la shaba nikafuatisha kila mstari: Musa, nguzo ya wingu, makabila yote na ng'ombe wao. Majina nimeyachonga kwa kichwa, kinyumenyume kama kawaida yetu. Misri magharibi, Kanaani mashariki. Hayo sihitaji kufundishwa na Govert. Mke wangu Griet akauliza kwa nini nisichore ya kwangu. Nikamwambia akaangalie samaki wake jikoni.

Jumamosi, 31 Machi.

Aibu tupu. Mchungaji Wiltens alikuja kwa Bi Machteld kukagua ramani yangu. Akaitazama weee, kisha akauliza tangu lini Musa aliwatoa watu Kanaani akawarudisha kwa Farao. Nikatazama. Majina yako mahali pake, lakini taifa zima linaelekea Misri, tena kwa mwendo wa haraka! Shaba hugeuza kila kitu ikichapwa. Majina niliyageuza, watu nikawasahau. Govert naye yupo, anasema pole ndugu yangu, labda walisahau vitunguu. Hata mchungaji akacheka. Kazi kapewa Govert. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Jumanne, 3 Aprili.

Griet amenisema tangu asubuhi. Ati nikome kunakili karatasi za watu. Nilinuna, nikakataa kula, nikamwita msaliti. Lakini nimewaza sana, na kwa mara ya kwanza naona mke wangu amesema kweli. Karatasi ndiyo iliyoniponza. Nimekoma kabisa, karatasi ya mtu sigusi tena.

Jumapili Govert atakuwa kanisani, na dirisha la karakana yake halina komeo. Nitachukua bamba lenyewe.