Toleo la Saba Ukutani kwa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema kuliko zote mwaka huu! Kinyozi wangu wa siku zote kafunga, nikaingia kwa huyu wa karibu na posta. Nikakaa, nikafungwa kitambaa shingoni, nikainua macho kwenye kioo. Mungu wangu! Nyuma yangu ukutani, kati ya kalenda na swichi ya taa: vibonzo vya Kishindo, toleo la saba! Kitabu kizima, kimepigiliwa pini kama ngozi inayoanikwa.

Nilishtuka, mashine ikanila kisogo. Si neno.

Naandika nisije nikasahau. Kishindo kasimama ndani ya mto wa rangi ya zambarau. Begani kabeba daraja, juu ya daraja basi linaning'inia. Mkono wa pili kamshika paka, na paka katulia tuli, kama yuko kwao. Halafu, kamba ya buti la kushoto imefunguka! Mchoraji gani mwingine angethubutu? Shujaa anaokoa mji mzima na bado anaweza kujikwaa. Pembeni, samaki mdogo, alama ambayo mchoraji huyu huiweka mahali pa jina lake. Majalada ya siku hizi yana misuli tu. Hili lina mtu ndani yake.

Mimi ninayo matoleo yote ya Kishindo, yaliyochapwa kabla sijazaliwa, isipokuwa hilo. Bwana Plastiki naye hana. Huyu ni mkusanyaji mwenzangu. Kila kitabu hukifunga plastiki na hasomi hata kimoja. Lakini Mungu hamtupi mja wake: Bwana Plastiki ana kipara. Hana cha kumpeleka kwa kinyozi.

Ningeweza kuomba, bila shaka. Lakini ukishamwonyesha mtu kwamba kitu chake unakitaka, umekwisha. Hapa itatumika akili.

Jumanne, 5 Machi

Nimerudi kunyoa ndevu. Mpango wa kwanza: dharau. Nikamwambia kinyozi picha ile inaishusha hadhi saluni yake, watu wa maana hawaipendi. Akauliza hao watu wa maana ni akina nani. Nikasema, kwa mfano, mimi. Akasema basi nisiitazame, akakigeuza kiti kikaelekea mlangoni. Nimenyolewa nikiwatazama wapita njia, nao wakinitazama. Mmoja akanipungia mkono. Mama Miwani, mwajiri wangu! Nilikuwa nimemuaga kwamba naenda kufuata fremu mpya.

Mke wangu kauliza imekuwaje nimenyoa ndevu ambazo yeye kanisihi ninyoe tangu tuoane. Nimesema joto. Kaniangalia sana.

Jumatano, 6 Machi

Mpango wa pili: badala. Nimempelekea kinyozi picha kubwa ya maporomoko ya maji, yenye fremu, iliyokuwa sebuleni kwetu. Nikamwambia ingekaa vizuri pale pale alipo yule mtu wa daraja. Kinyozi aliguswa mno. Tangu afungue saluni, kasema, hajawahi kuletewa zawadi na mteja. Akaitundika kwenye ukuta wa pili.

Masharubu yamekwenda. Usoni sikuwa na kingine cha kunyoa.

Jioni mke wangu kasimama mbele ya ukuta mtupu, mikono kiunoni. Picha ile tulipewa na mama yake siku ya harusi. Nilikuwa nimesahau. Kisha kauliza, kwa upole wa kutisha, huko kwa kinyozi kuna msusi wa kike? Ikabidi nimwambie kweli yote, mpaka ya paka. Kacheka mpaka kashika meza. Kasema, mume wangu, mficha uchi hazai. Kamwombe mtu kitabu chake. Wanawake hawaelewi mikakati.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu kapita kwa kinyozi mwenyewe, kaomba picha ya mama yake, kapewa na kikombe cha chai juu. Bahati ya mtende.

Mimi leo kazini nimesaga vioo vya miwani kichwa kikiwa kwingine. Mteja mmoja kavaa yake, kasema anaona sakafu inapanda. Mama Miwani kaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango wa tatu. Wa kitaalamu! Nilikwenda saa ya mapumziko na koti langu jeupe la kazini. Nikamwambia kinyozi, kama mtu wa miwani ninayemjali, kwamba zambarau ya zamani ikitazamwa kila siku hula macho. Haoni ukungu ukungu kweli?

Mashine aliyokuwa akiisafisha ikabaki hewani. Kasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, muda mrefu sasa haoni vizuri, ananyoa kwa kupapasa. Hakumwambia mtu, wateja wasije wakakimbia. Nikakumbuka kisogo changu. Nikamhurumia. Lakini mkakati ni mkakati: nikasema picha itolewe upesi, nitaibeba mwenyewe, mzigo wote uwe wangu.

Kasema asante sana kaka, ila kwanza ataenda kupima macho. Wapi? Kwetu! Pale pale kwa Mama Miwani! Nimejipalia makaa.

Alikuja alasiri. Nikajificha nyuma ya pazia la karakana, nikasikia yote. Mama Miwani kamwambia rangi haijawahi kula macho ya mtu, shida yake ni ya kawaida na dawa yake ni miwani. Kisha kauliza ni mjinga gani kamwambia habari hizo. Nikafumba macho. Kinyozi kajibu taratibu kwamba kazisikia mtaani tu, hakumbuki kwa nani.

Vioo vyake nimevisaga mwenyewe. Sijui kwa nini, sijawahi kusaga vizuri namna ile.

Jumamosi, 9 Machi

Kinyozi kachukua miwani asubuhi. Nikamfuata saluni kwa kisingizio cha mwisho kilichobaki: kunyoa kichwa chote. Nimenyolewa safi, bila hata mchubuko. Alipomaliza akageuka kutundika kitambaa, akakwama. Kasimama mbele ya ukuta. Mashine inanguruma mkononi na yeye hana habari.

"Kaka," akasema, "kumbe kuna paka!"

Miaka yote hiyo alidhani ni mtu kabeba kabati. Akaona basi. Akaona sura za abiria dirishani. Akaiona kamba ya buti, akacheka kama mtoto, akasema huyu angefunga viatu kwanza. Nikamwonyesha yule samaki. Sijawahi kumwonyesha mtu samaki yule. Tukainamisha vichwa pamoja, changu kikiwaka kama sahani, na kwa muda nikasahau kwamba kitabu nakitaka. Nilikuwa nakitazama tu, na mtu mwingine anayekitazama.

Halafu kaniambia. Alikitundika kuziba tundu la ukuta, upepo usipeperushe nywele. Mtu angekiomba Jumatatu, angempa na kumshukuru kwa kumwondolea takataka. Lakini sasa? Sasa hakitoi ng'o. Ila niwe napita kukitazama, kiti changu kipo, hata kama sina nywele.

Nikarudi kukaa kitini. Kinyozi akadhani ni njaa.

Akaongeza kwamba nyumbani ana sanduku la marehemu mjomba wake, limejaa vibonzo vya namna hii, hajawahi kulifungua vizuri. Nikilitaka, niseme tu.

Nilitaka kuruka juu, lakini uso haukutikisika. Nikapiga mwayo. Nikamwambia masanduku ya zamani hayanihusu kabisa. Ningejivunia zaidi kama sauti isingetoka nyembamba vile.

Jumapili, 10 Machi

Mapumziko. Mpango wa nne umekamilika, na ni mzuri kuliko yote: mchwa. Nitamwambia makaratasi ya zamani huita mchwa, na mchwa hula nyumba. Atanisihi nimwondolee sanduku! Nimeshinda bustanini, nimejaza chupa nzima ya mchwa wa kumwonyesha kama ushahidi. Mke wangu kaja na mwavuli, kanikinga jua kichwani, kauliza si kinyozi alisema niseme tu? Nikamweleza kwamba huo ndio mtego wenyewe. Kaondoka na mwavuli.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika saluni na chupa yangu. Nani anatoka mlangoni? Bwana Plastiki! Kipara mbele, sanduku kifuani! Kaniamkia kwa adabu, kasema sasa tumefanana, akaenda zake.

Kinyozi alinionea huruma kweli. Kasema yule bwana aliiona picha ya ukutani akiwa barabarani, akaingia kuitazama, akauliza kama kuna nyingine. Akajibiwa zipo ndani ya sanduku. Akaomba, akapewa. Angeniwekea mimi, kaka yake, lakini si nilisema hayanihusu?

Nikamtaka anikaririe maneno ya Bwana Plastiki, neno kwa neno. Kasema, alisema, "Naomba." Nikauliza halafu? Halafu basi. Kabla yake? Alisalimia.

Nimekaa nayo kutwa nzima. Haiingii akilini. Mtu mzima hawezi kuingia mahali, akasema naomba, akatoka na sanduku. Pana hila hapo, tena ya hali ya juu. Labda ni sauti. Labda namna alivyosimama. Huyu mtu nimemdharau bure, ni hatari kuliko nilivyodhani.

Mke wangu kakataa kunitupia mchwa. Kasema kila mtu na mchwa wake.

Kuanzia kesho nitamfuatilia Bwana Plastiki kwa mbali, bila yeye kujua, mpaka niigundue mbinu yake. Nahitaji kofia pana na ndevu za bandia.